Sekta ya Sitini na Tatu

Ijumaa, 4 Agosti 2023

Daktari amesema wiki, si miezi. Alimwambia Ummy, si mimi. Walisimama pembeni kama watu wanaopatana bei ya mbuzi mbele ya mbuzi mwenyewe. Masikio yangu bado mazima. Moyo ndio umechoka.

Ummy ni mtoto wa marehemu dada yangu. Ananipikia uji, ananipangusa, ananiita Mjomba kwa sauti ya asali. Halafu anazikagua kuta za nyumba hii kama mpangaji mpya. Simlaumu. Ghorofa ya tatu, Mtaa wa Sikukuu, katikati ya Kariakoo. Nani asingezikagua?

Nimebakiwa na jambo moja tu. Nimwandikie Polycarp, mwanafunzi wangu wa zamani, barua, nimwambie nilichomfanyia. Mwandiko wangu huu wa kutetemeka hausomeki ila na mimi, kwa hiyo barua lazima ichapwe. Na kompyuta imekuwa kobe. Nabonyeza herufi, naisubiri. Nimeianza barua mara sita, na mara sita imeganda kwenye "Mpendwa Polycarp".

Mpendwa!

Jumapili, 6 Agosti

Ummy ameleta fundi. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, gauni la kanisani, begi la vifaa begani, ametoka misa ya kwanza. Shikamoo mzee. Marahaba mama, unaitwa nani? Jovitha. Jovitha nani?

Jovitha Polycarp.

Nikaomba maji.

Paji la uso ni lile lile. Yeye hanijui, alikuwa anasoma chuo Moshi wakati ule. Akawasha mashine. Ina mifumo miwili, Windows na Linux, unachagua wakati inawaka. Akafungua orodha ya patisheni, yaani vipande ambavyo diski imegawanywa, akaangua kicheko.

"Mzee! Hii inaanzia sekta ya sitini na tatu! Bado kuna watu wanaishi hivi Bongo hii?"

Ndiyo. Sekta ni vijichumba vidogo ndani ya diski, kila kimoja na namba yake. Diski yangu ya zamani, ya mwaka 2005, ilianzia hapo kama zote za wakati ule. Mwaka jana Ummy alininunulia SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, nikainakili ile ya zamani humo nzima nzima. Kilichoanzia 63 kikabaki 63. Nilijua. Mikono ilishakataa kazi.

Ummy akauliza, kwani kuna ubaya gani? Jovitha akamjibu kwa lugha ya soko. SSD ndani yake ni vizimba, dada. Mzigo wako ukianzia mwanzo wa kizimba, unafungua kufuli moja. Ukianzia katikati, unalalia vizimba viwili, na kila ukigusa unafungua kufuli mbili. Mashine inakuwa nzito, diski inazeeka kabla ya siku zake. Dawa ni kuisogeza patisheni ianzie 2048, mwanzo kamili wa kizimba, basi.

Halafu, macho kwenye kioo, mikono ikiendelea na kazi: "Hata baba yangu alianzia 63. Kompyuta arobaini za chuo! Fundi gani huyo? Nilipomaliza masomo nilifungua diski moja aliyoificha uvunguni, nikamwonyesha. Nikamwambia, Baba, aibu yako hii hapa. Akasema, kumbe kweli ni mimi."

Sasa anapima misumari dukani kwa kaka yake, Gerezani. Kompyuta haigusi. Hata simu anatumia kitochi.

Na mimi nikacheka. Nilicheka naye! Nikasema: "Mafundi wa zamani, mama, wengi walikuwa wa kubahatisha."

Atarudi Alhamisi na vifaa kamili.

Jumatatu, 7 Agosti

Niandike hapa kwanza, nione kama naweza.

Polycarp nilimfundisha hesabu, kisha kompyuta. Kijana wa Rombo, shati moja, akili mbili. Alipofungua duka lake la kompyuta Mtaa wa Aggrey alinialika, akanikalisha kiti cha mbele. Akaingia mwanafunzi mmoja. "Shikamoo Mwalimu!" Nikaitika marahaba, sauti ya kujaa. Yule kijana alikuwa anamwamkia Polycarp, mwalimu wake. Akageuka, akaniona. "Ah, samahani. Na wewe mzee, shikamoo."

Watu walicheka kidogo. Kidogo tu. Polycarp hakucheka, aliinamisha kichwa kwa heshima. Hiyo heshima ndiyo iliyonichoma.

Mwaka 2013 akapata kazi ya chuo kimoja cha binafsi karibu na Mnazi Mmoja. Kompyuta arobaini, zote SSD, kitu kigeni mjini wakati ule. Windows kwa programu za uhasibu, Linux kwa masomo mengine. Akaniomba nimtengenezee diski mama, ile moja unayoipanga vizuri kisha unainakili kwenye nyingine zote. Alisema hawezi kumwamini mwingine.

Nikaitengeneza. Programu ya kugawa diski ilikuwa mpya. Yenyewe iliniwekea 2048. Nikaifuta hiyo namba. Nikaandika 63 kwa kidole changu. Kwa patisheni ya Windows, kisha nikapanga ya Linux ianguke vibaya vile vile. Ilichukua dakika tano. Nilikuwa nakunywa chai ya tangawizi.

Mashine zikawa nzito kuliko zile za kale walizozitupa. Polycarp akafuta, akaweka upya — kutoka diski mama. Akafuta tena, akaweka tena — kutoka diski mama! Usiku na mchana, miezi mitatu. Hakuwahi hata mara moja kuitilia shaka diski mama, kwa kuwa niliitengeneza mimi.

Chuo kikaniita mimi kama mtaalamu. Ukumbini, mbele ya walimu wote, Polycarp amesimama mikono nyuma. Mkuu akaniuliza, Mwalimu, tatizo ni nini? Nikasema: "Mashine ni nzima. Tatizo ni mkono uliozipanga."

Wakacheka, safari hii sana.

Alinisindikiza hadi barabarani. Alinibebea mkoba. Akasema, asante Mwalimu kwa kunisema ukweli.

Jumanne, 8 Agosti

Nane Nane. Chini muziki wa maduka, juu pumzi zangu. Uji nimeurudisha.

Ummy akaniuliza kama kuna mtu ningependa kumwona. Nikamwambia ndiyo, mtu anayejua kupika uji. Akatoka analia. Vizuri. Yeye angalau analia kwa jambo dogo.

Jumatano, 9 Agosti

Jovitha amepiga simu kwa Ummy. Alimtajia baba yake jina la mteja wake: Mzee Mwinyimvua, wa Sikukuu. Baba yake alisimama! Akasema yule ndiye aliyenifundisha kila kitu. Ifanye kazi yake kama unamfanyia babu yako.

Ummy ananisimulia anatabasamu. Nikamwambia azime taa. Akasema, Mjomba, ni saa sita mchana.

Barua ni uongo. Hilo nimelikubali leo. Ningeweza kumwita Ummy nikamtamkia, akaandika. Nilitaka mashine ipone kwanza ili niwe na kitu cha kungojea. Na barua ingesomwa nikiwa tayari Kisutu, chini ya udongo, ambako hakuna wa kunitazama usoni.

Alhamisi, 10 Agosti

Naandika huku amekaa mbele yangu.

Alikuja saa nne. Ummy akaenda sokoni. Aliniuliza, mzee, una nakala ya vitu vyako? Sina. "Basi nikishaanza sitoki hapa. Inahamisha kila kitu, sekta kwa sekta. Ikikatizwa, imekufa. Na ikiisha lazima nitengeneze sehemu ya kuwakia, la sivyo haitawaka Windows wala Linux."

Nikangoja aanze. Nakiri hilo nalo: nilingoja. Mstari wa kijani ulipofika asilimia kumi na mbili nikajua hawezi kuondoka. Ndipo nikamwambia.

Nilimwambia yote, hata chai ya tangawizi. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali moja, la fundi:

"Programu ilikuletea 2048 yenyewe?"

"Ndiyo."

"Ukaifuta."

"Nikaifuta."

Akautazama mstari wa kijani mpaka asilimia ishirini. Kisha akaanza kusema taratibu, bila kunitazama. Kwamba ndiye aliyemwambia baba yake "aibu yako hii hapa". Kwamba siku ya harusi yake alimkataza kuwaambia wakwe kuwa aliwahi kuwa fundi. Kwamba kila akija mteja na mashine mbovu humtania: hii kaigusa baba yangu nini?

"Miaka tisa namtukana mzazi wangu kwa kidole chako."

Nikasema nisamehe, mama.

"Usiniite mama. Mimi si wa kukusamehe. Na ushukuru — sisi hatuachi kazi katikati. Hilo alinifundisha yeye."

Akachukua simu, akaweka sauti ya nje. Baba, uko wapi? Dukani. Mzee Mwinyimvua anakuita, ana neno na wewe. Nikasikia misumari inamwagwa kwenye mizani. Kisha sauti ile, imezeeka, imechangamka kama ya mtoto:

"Mimi? Ananiita mimi? Nakuja! Mwambie nakuja sasa hivi. Anakula nini siku hizi? Anapenda zabibu yule, nitampitia zabibu hapo sokoni."

Jovitha akakata simu. Akaufunika uso kwa viganja viwili.

Nilimwomba amweleze yeye. Kifua kinabana, sauti sina. Akasema: "Hilo kwangu hulipati. Utamwambia mwenyewe."

Asilimia sitini na nane. Ummy hajarudi. Kutoka Gerezani hadi hapa ni mwendo mfupi hata kwa mguu wa mzee.

Nyayo kwenye ngazi. Anapumzika kila ghorofa. Mfuko wa nailoni unachakarika.

"Hodi!"

Jovitha hajageuka. "Nyumba ni yako," amesema. "Mkaribishe wewe."

Mtu hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa, anaondoka, na hajavunja heshima ya mtu. Polycarp atafuata desturi. Atasema moyoni Mwalimu amelala, ataning'iniza zabibu kwenye kitasa, atashuka zake bila kinyongo. Na mimi huenda kesho sipo.

Jovitha anayajua haya. Ananitazama sasa. Ndiyo mara ya kwanza ananitazama tangu nimwambie.

"Hodi, Mwalimu!"

Hiyo ya pili. Mdomo nimeufungua. Kalamu pia ningepaswa kuiweka chini, lakini bado naandika