Nguruwe wa Sidi na Mguu wa Baba

Arizona, Marekani

Baba,

Shikamoo. Najua umeitikia kwa ile sauti yako ya kukoroma, nami nimeipokea. Mguu unaendeleaje na hizi mvua ninazosikia zimeanza? Kikohozi kimekuacha? Na sikio je? Maana juzi kwenye simu ulisema "Haloo! Haloo! Nani?" mara saba, kisha ukamrudishia Kadzo simu yake ukamwambia hakuna mtu. Nilikuwepo, Baba. Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Ndipo nikaamua kuandika. Barua anakuja nayo mtu wa Watamu anayerudi kwao, na Kadzo atakusomea, kama anavyokusomea kila kitu. Dada yangu, soma kwa sauti, wala usiruke mstari hata mmoja.

Sisi hatujambo, ila tumechoka. Kazi yangu ni ile ile ya kutunza wazee: kuwanyanyua, kuwaosha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Na wazee wa huku ni wazito, Baba, wameshiba tangu utotoni. Mgongo wangu wa miaka thelathini na tisa unalia kama wa mtu wa sabini. Mamake Sidi naye yuko dukani akipanga bidhaa. Tunapishana mlangoni, mmoja anaingia mwingine anatoka, na salamu yetu ni "chakula kiko jikoni." Silalamiki. Basi, nalalamika kidogo.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Kadzo aliniambia kwamba baada ya mavuno unataka kuwaita wazee wa ukoo, unipe shamba la bondeni lote, kwa sababu mie ndiye niliyekuokoa siku ile ya nguruwe. Nimekaa na maneno hayo wiki tatu. Baba, sikukuokoa. Nitakueleza yote, lakini nimeona nitangulize hilo, nisije nikaishiwa na moyo katikati ya karatasi.

Mjukuu wako Sidi ametimiza miaka kumi na mitatu. Jina la marehemu Mama limemkaa, maana akisema jambo amesema. Huku watoto huruhusiwa kuwinda wakiwa na mzazi, ila wasome kwanza mambo ya bunduki, wafanye mtihani, kisha waombe kibali, na kibali hupatikana kwa kura. Sidi akaomba bila kuniambia, kura ikamwangukia. Mnyama mwenyewe anaitwa javelina. Nikamwambia, "Mwanangu, mie na nguruwe hatupatani." Akasema, "Huyu si nguruwe, Baba, hata ukoo wao ni mbali." Nikaonyeshwa picha. Lo! Pua ya nguruwe, manyoya magumu ya nguruwe, meno nje. Huyo ni nguruwe tu aliyebadilishiwa jina.

Nilitafuta visingizio vyote, mgongo, kazi, gari bovu. Mwishowe akaniambia, "Tangu mwaka huu uanze hatujakaa pamoja siku nzima hata moja." Nikahesabu, nikakuta anasema kweli. Nikaomba ruhusa. Jirani yetu mmoja mzee, ndiye aliyemfundisha kulenga, akatuazima bunduki, nasi tukaondoka alfajiri, wawili tu.

Huko ni vilima vya mawe na mipungate, Baba, mipungate kila upande, na miiba yake haina adabu. Tulitembea tangu jua linachomoza hadi likawa juu, nami nikiwaza kitanda changu. Lakini nilikumbuka ulivyonifundisha kurusha vumbi kuona upepo unakwenda wapi. Nikamfundisha Sidi, akarusha, tukazunguka kilima upande wa pili. Tuliwanusa kabla ya kuwaona. Wananuka kama jasho la mtu ambaye hajaoga tangu Pasaka. Walikuwa saba, wanatafuna mipungate pamoja na miiba yake.

Sidi akalala chini, bunduki juu ya jiwe. Akanong'ona, "Nipige?" Nikamwambia, "Ngoja ageuke ubavu." Akangoja. Mtoto ana subira yule, sijui kaitoa wapi, kwangu siyo. Mnyama akageuka, bunduki ikalia, akaanguka pale pale bila kuteseka.

Wale wengine wakatawanyika. Macho yao ni mabovu, hukimbia popote, na mmoja akaja moja kwa moja kwetu akigonganisha meno. Baba, sikufikiri. Niligeuka nikatimua mbio. Nilimwacha mtoto wangu amelala chini, nikaruka mawe, nikapita mipungate, nikaja kusimama mbali, suruali imejaa miiba. Nilipogeuka, yule mnyama alishampita Sidi na kuteremkia korongoni. Sidi alikuwa ameketi, ananitazama.

"Baba! Ulikuwa unakwenda wapi?"

Haki ya Mungu, maneno yaliyonijia mdomoni yalikuwa "Kuita watu." Jangwani kule, watu gani? Nikafunga mdomo. Nikarudi polepole, nikamwambia, "Nimekimbia, mwanangu. Niliogopa, nikakuacha." Akasema, "Hata mimi niliogopa. Miguu ndiyo iliyokataa." Kisha akanichomoa miiba. Nikaketi juu ya jiwe nikalia, mtu mzima na ndevu zangu, mnyama wetu amelala pale. Nikamwambia Sidi habari ya siku ile, nami nakuambia wewe kama nilivyomwambia yeye.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nguruwe walikuwa wanatumalizia muhogo wa bondeni. Kulipopambazuka ukaniamsha, ukashika mkuki, ukanipa panga, ukasema, "Kaa nyuma yangu, nikikwambia lete, unipe." Ukamchoma yule dume, mpini ukavunjika, akakugeukia. Ukaita, "Katana, panga!" Nilikusikia. Nilikusikia vizuri kabisa. Ukaita mara ya pili, nami nilikuwa nimefika kwenye mikorosho, panga lako mkononi. Nikajitupa kichakani nikaziba masikio.

Aliyekukuta ni Kadzo. Alikuwa na miaka tisa, Mama amemtuma na uji wetu. Alikuona umelala kwenye damu, akatupa sufuria, akapiga mayowe nyumba baada ya nyumba hadi ng'ambo ya pili ya bonde. Mie nilipoona watu wanakuja mbio nikatoka kichakani, nikaingia mbele yao, nahema, panga mkononi. Mtu mmoja akasema, "Katana ndiye aliyetuita." Sikusema ndiyo. Wala sikusema siyo.

Jioni yake Kadzo alisema, "Ni mimi niliyeita." Mama akamwambia asimwonee kaka yake wivu. Nilikuwepo, Baba. Nilikuwa nakunywa chai ya maziwa niliyopewa kwa ushujaa wangu. Nawe uliporudi kutoka hospitali na huo mguu uliofupika, ukaniweka mkono kichwani mbele ya watu. Tangu siku hiyo umesimulia kwa kila mgeni. Ulisimulia kwenye harusi yangu. Ulisimulia siku ninasafiri, watu wamejaa uani, na Kadzo alikuwa anapita katikati yetu akigawa sahani za wali. Sikuweza kumtazama.

Sidi alisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu: "Shangazi anajua kwamba unajua?" Hatujawahi kulizungumza, yeye na mimi, hata siku moja.

Tulimpasua mnyama wetu, tukamtoa tezi ya mgongoni, ndiyo inayowanukisha, tukambeba kwa zamu hadi garini. Si mkubwa, ni kama beberu wa wastani, ila mgongo wangu ulidhani ni ng'ombe. Gari linanuka hadi leo. Nyama tuliipika kwa tui la kopo, na si mbaya, ingawa tui la kopo ni maji yaliyopita karibu na nazi. Mamake Sidi alirudi kutoka dukani, akaonja, akaketi, tukala sote watatu mezani. Sidi amesema nikwambie kwamba alingoja ageuke ubavu.

Sasa, Baba, habari ya shamba. Usinipe. Mpe Kadzo. Yeye ndiye anayelilima tangu aliporudi nyumbani ndoa yake ilipovunjika. Ndiye anayekukanda mguu, ndiye anayekupeleka kliniki Kilifi. Najua wazee watasema shamba la ukoo haliendi kwa mwanamke. Waambie aliyepangiwa ndiye aliyekataa. Siku watakapokaa nipigieni, simu muiweke katikati yao na sauti juu, niyaseme mwenyewe kama nilivyoyaandika. Nitaomba ruhusa tena, wakinifukuza kazi wanifukuze. Na ukishuku kwamba Kadzo amejitungia maneno haya, mpe mwalimu wa shule aisome upya, yamo yote.

Huenda umekasirika. Una haki. Nimeogopa hasira yako miaka ishirini na saba, hata nimechoka kuiogopa. Ukitaka kunitukana, nitukane kwenye simu, nitasikia tu, tatizo la sikio ni lako. Lakini usiache kuniita mwanao.

Nisalimie shangazi wa Rabai, umwambie bizari yake ilifika salama na tunaitumia kwa ubahili. Nisalimie mjomba fundi baiskeli, na jirani yetu mgema, na wapwa zangu wote, watoto wa Kadzo, mmoja mmoja kwa jina.

Mimi mwanao, Katana.

Kadzo, haya ya chini ni yako, lakini yasome kwa sauti vile vile. Nilikusikia jioni ile uliposema ni wewe. Nilikusikia, nikaendelea kunywa chai. Nisamehe, dada yangu, ukiweza, na usipoweza pia nitaelewa. Sasa weka karatasi chini. Baba atakuuliza kama ni kweli. Usinitetee.