Majina ya Alhamisi

Cwmllwyd, 4 Februari 1993

Shangazi Mererid, shikamoo.

Kabla ya yote nakuomba: barua hii isome ukiwa peke yako, asiione hata mumeo, kisha uitie motoni. Likitoka neno moja, baba amekwisha. Natumaini hamjambo huko na goti lako limepoa. Sisi wazima, ila nimechoka.

Ni baba. Unajua yeye ndiye kocha wa raga hapa, na kila Alhamisi hunipa majina ya timu, nami karani wa klabu huyapiga taipu na kuyabandika kwenye dirisha la bucha. Tangu Novemba anachanganya humo majina ya wenzake wa zamani. Wawili tumeshawazika. Mara ya kwanza nilimwonyesha, akafoka: "Mimi nimeichezea Wales mara kumi na nne. Wewe umecheza nini, kalamu?" Baada ya saa moja akaniuliza leo siku gani.

Sasa simwambii. Akiandika jina la mzee, ninaweka la mwanawe; karibu wote wana vijana timuni. Tumeshinda mechi tano! Mwenye bucha ananiambia, "Babako ana jicho, we kijana!" Niiambie kamati?

Mwanao,
Iestyn

Bala, 11 Februari

Mwanangu Iestyn,

Marahaba. Goti bado linalia na baridi hii. Barua nimeichoma.

Usiiambie kamati. Kaka yangu aliingia mgodini ana miaka kumi na sita. Mgodi ukafungwa, bega likavunjika, mama yako akatutoka. Raga ndiyo iliyobaki. Ukimtoa uwanjani atakaa kitini akitazama ukuta. Msimu unaisha Aprili, na wewe una akili. Vumilia.

Shangazi yako

Cwmllwyd, 20 Machi

Shangazi, shikamoo. Nisamehe, leo sikuulizi hali.

Alhamisi ya wiki iliyopita baba aliandika jina la Hefin, aliyekuwa akisimama katikati ya safu ya mbele, pale ambapo skramu, ule msukumano wa timu mbili vichwa chini, humwelemea mtu shingoni. Mwanawe Emlyn hucheza pembeni. Kazi yake ni kukimbia. Nilijua, Shangazi. Ila nilikuwa nimechoka, nikafuata mazoea: mzee anatoka, mwana anaingia. Sikusoma mara ya pili.

Jumamosi vijana walicheka wakivaa jezi. "Gwilym ana lake leo!" "Usijali Emlyn, shingo huota!" Hakuna aliyethubutu kumuuliza baba. Skramu ya tatu ikaporomoka, na Emlyn akabaki chini.

Miguu anaihisi. Madaktari wanasema atatembea, ila raga basi.

Jumatatu nilisimama mbele ya kamati nikasema yote. Mwenyekiti akacheka: "Karani ampangie Gwilym timu? Kaa chini, mtoto, unamkinga baba yako." Ndipo baba akainuka. "Nilimweka mimi," akasema. "Hefin ana shingo ya fahali. Wiki ijayo atacheza tena."

Hefin alikuwa amekaa nyuma, kofia mkononi, hajalala siku mbili. Nilidhani atampiga. Akamsogelea taratibu.

"Gwilym, Hefin ni mimi. Nina miaka hamsini na mitatu."

Baba alimtazama sana. "Umezeeka, bwana," akasema. "Nani amekufanya hivi?"

Hakuna aliyecheka. Hefin alimshika mkono akamrudisha nyumbani, na kamati haikuhitaji kupiga kura ya kumwondoa.

Sikulaumu, Shangazi. Wewe uliniambia nivumilie. Aliyebandika karatasi ni mimi.

Klabuni usipige simu, sipo tena. Kila siku kuanzia saa tisa niko hospitali, wodi ya nne, kwa Emlyn. Hefin ameniruhusu kukaa. Niandikie huko, jina langu tu juu ya bahasha. Nyumbani usiandike. Ile barua yako ya juzi kwa baba aliisoma vizuri mpaka chini, kisha akaniuliza huyu Mererid anayemwita kaka ni nani. Afadhali uje mwenyewe. Basi la saa nane linasimama mbele ya kanisa. Mlango hatufungi. Ukiingia, taja jina lako kabla hajauliza.

Mwanao,
Iestyn