Posa na Tumbo la Bosi

Dada Rehema mpenzi,

Nakusihi, ukishasoma uichome kadi hii, hata Mama asiione. Ndiyo maana nimeificha ndani ya bahasha.

Bosi amenileta Gisenyi nimsindikize kuposa. Siri ni hii: huko Ulaya, ili apungue unene, madaktari waligawa tumbo lake kwa pini za chuma, wakamwachia kifuko kidogo kama yai, wakakiunganisha na utumbo wa chini ili chakula kikatize njia. Vijiko vitatu tu, ameshiba. Akinywa kitu kitamu, kinamiminika utumboni mara moja, moyo unamwenda mbio na jasho linamtoka.

Jana ukweni wakampa juisi ya ndizi. Akanywa, akaanza kutetemeka. Shangazi wa binti akasimama.

"Mutu mukubwa vile anakula kama kifaranga, sasa anatetemeka! Unazania tumekutilia sumu?"

Bosi akanikanyaga mguu nisiseme. Niliona posa inakufa, na kazi yangu inaifuata kaburini. Nikanyakua glasi yake, nikaimaliza mbele ya wote, kisha nikala sahani yake na yangu, hadi samaki wa mwisho.

Shangazi akapiga makofi, akaninyooshea mimi kidole. "Bon! Huyu njo mukwe! Ule mugonjwa arudi kwao."

Binti alicheka. Bosi akapanda gari peke yake, akaniacha pale.

Nawakumbuka sana, Mungu awalinde. Usiniandikie ofisini. Andika kwa duka la mikate, mtaa wa Mbugangari hapa Gisenyi, "kwa mkwe aliyekula". Mtaa mzima unanijua.

Mdogo wako,
Eliya