Babu wa Gunzi

Nakwa, Babati
20 Januari 2025

Mwanangu Antonia,

Hujambo? Mjukuu wangu Evelyne hajambo? Mimi mzima, ni goti tu. Nimenunua vifaranga hamsini walioanguliwa na mashine. Hawana mama wa kuwaonyesha kula, wanazubaa tu mbele ya chakula. Basi nikachonga kichwa cha kuku cha mti, ndicho nawadonolea nacho. Wewe cheka, ila wanakuja!

Mbona Krismasi mliondoka bila kuaga? Kama ni ile sahani, iliniteleza.

Baba yako


Singida
16 Machi 2025

Shikamoo baba,

Sisi wazima. Goti upake mafuta ya kondoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya hasira, sikufichi.

Evelyne ana wanasesere wawili wa magunzi. Mmoja kamvisha kizibo cha soda kama kofia, anamwita Babu. Jana Babu alifoka, "Chakula gani hiki, mbwa wewe!" Akarusha kifuniko. Yule mwingine akainama, akafuta sakafu.

Yule mwingine ni mimi, baba.

Mwanao


Nakwa
23 Machi 2025

Mama Evelyne,

Marahaba mwanangu. Mafuta nimepaka, goti afadhali.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Sahani haikuteleza. Niliirusha, kisa chumvi. Na marehemu mama yako nilimrushia hivyohivyo, wewe ukiwa mdogo kama Evelyne. Ulifuta sakafu wewe. Nilikuona.

Siku ya kwanza na kile kichwa cha mti nilidonoa kwa nguvu kama nagonga msumari. Vifaranga wote wakakimbilia kona. Nilipodonoa taratibu ndiyo wakaja. Kuku nimewabembeleza wiki tisa, wewe sikukubembeleza hata siku moja. Nisamehe.

Naomba kitu kimoja. Mshike huyo Babu wa gunzi, aombe msamaha mbele ya mtoto. Aone inavyofanywa.

Baba yako


Singida
30 Machi 2025

Shikamoo baba,

Hatujambo. Barua yako nimeirudia mara tatu, nimelia, nimeiweka kwenye Biblia.

Nilimshika Babu kama ulivyosema. Nikasema, "Nisamehe, mwanangu." Evelyne akaninyang'anya: "Mama, unakosea! Babu hasemagi hivyo!"

"Anasema siku hizi," nikamwambia.

"Umemsikia?"

Nikachukua kalamu, nikakuandikia.

Vifaranga waachie jirani siku mbili, upande basi, uje umwonyeshe. Chumvi nitaiweka mezani.

Mwanao, Antonia