Fimbo Iliyosifiwa Ndani ya Nailoni

Mpendwa Bibi Verna, mimi ni msomaji wa safu yako ya ushauri, na naomba msaada kabla sijatuma kitu ambacho kikishachapishwa sitaweza kukifuta.

Mimi ni mkusanyaji wa fimbo za upanga, zile bakora ambazo ukivuta mpini unatoka na upanga uliofichwa ndani, na kwa miaka kumi na moja nimeandika ukurasa wa fimbo za bei nafuu katika jarida la chama chetu cha wakusanyaji hapa mjini Chillicothe, maana si kila mtu anaweza kununua zile za kale, na watu wananiamini, au walikuwa wananiamini mpaka Jumamosi iliyopita. Niliisifu fimbo moja ya dola sitini yenye mpini wa kichwa cha mbwa mwitu, nikaandika kwamba uzito wake ni mzuri, ukiitikisa hailii, na ni imara, na rafiki yangu Delmar, ambaye nimekwenda naye kwenye maonyesho yote ya visu tangu tukiwa bado na nywele, akainunua kwa ajili ya maneno yangu, halafu alipopasuliwa goti akaanza kuitembelea, Bibi Verna, kuitembelea, fimbo ya kutundikwa ukutani, na kwenye ngazi za kanisa lao ikakatika pale mpini unapoanza, akaanguka, akavunjika nyonga, na sasa amelala nyumbani.

Mkewe Nadine, badala ya kukaa na mgonjwa, akaja kwenye kikao chetu cha Jumamosi, akaweka vile vipande mezani katikati ya donati na birika la kahawa, akaniambia, "Lowell, hebu tusomee ulichoandika." Nikamwambia, "Shemeji, ile si ya kutembelea, hata mumeo anajua." Akasema, "Soma neno la mwisho tu." Nikajimiminia kahawa. Akatuonyesha ndani, upanga umeshikwa na kichuma chembamba kama msumari, kilichochomelewa ovyo na kumiminiwa gundi. "Msumari huu," akasema. "Mume wangu alikuwa ameegemea msumari." Hakuna aliyenitetea, hata wale niliowafundisha mimi namna ya kukagua fimbo.

Ningejuaje? Ninazo mbili za aina hiyo na zote ziko kwenye nailoni ya kiwandani, maana kila mkusanyaji anajua ukiichana thamani imeshuka, kwa hiyo nilizipima na kuzitikisa hivyo hivyo. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba Delmar hajanipigia simu hata mara moja, ila Nadine alipofika mlangoni akitoka kikaoni aligeuka akasema, "Delmar anauliza, na yako ina msumari?" Nimedhihakiwa na mtu aliye kitandani! Nimeandaa ukurasa mzima wa kumjibu Nadine jaridani. Niutume, au nijitoe kabisa kwenye chama? Nimetia jina langu kwa sababu sina cha kuficha.

Lowell Kessler, Chillicothe

*

Lowell,

Umetia jina lako, na hilo ndilo jambo la heshima pekee nililoliona katika barua yako. Nimeisoma nikakasirika, nikaenda kuosha vyombo, nikarudi nikaisoma tena, na bado nimekasirika.

Marehemu mume wangu alitengeneza mipini ya visu kwa miaka thelathini, kwa hiyo usinizungushe. Anayetaka kujua ubora wa fimbo ya upanga anauvuta upanga wote nje, anatazama chuma kinavyoingia kwenye mpini, anautikisa mpini aone kama unacheza. Ni kazi ya dakika tano. Wewe ulitikisa nailoni, ukasikia kimya, ukaandika "imara". Neno hilo ulilitoa wapi? Ulilinda thamani ya kitu cha dola sitini, ukawaachia wasomaji wako waijaribu kwa miili yao.

Unasema Delmar hakupaswa kuitembelea. Kweli, hakupaswa. Hata iliyo nzuri si ya goti bovu, na mkongojo wa kawaida unapatikana kila duka la dawa. Hapo una haki, lakini haki hiyo haijazi ukurasa mzima. Na Nadine aliacha kukaa na mgonjwa, sivyo? Nani mwingine amekaa naye? Barua yote hii ndefu, na hakuna mahali umesema umekwenda kumwona.

Sasa lile swali lake. Umelisikia kama dhihaka kwa sababu nafsi inakusuta. Mtu kavunjika nyonga, kalala chali, na anachotaka kujua ni kama zote zimetengenezwa vile au yeye peke yake ndiye aliyepata mbovu. Hilo ni swali la mkusanyaji kwa mkusanyaji mwenzake. Rafiki yako amekuita, nawe umejifungia chumbani unaandika ukurasa.

Uchane ukurasa huo. Chama usikikimbie. Toleo lijalo, mahali pale pale na kwa herufi zile zile, andika kwamba uliisifu fimbo hii bila kuifungua, na usianze kutueleza habari za nailoni. Lakini kabla ya hapo, kesho, beba moja ya zako kama ilivyo, usiichane njiani wala usichungulie, uipeleke kwa Delmar. Mwombe Nadine msamaha pale mlangoni, kabla hajakukaribisha. Kisha mpe Delmar aifungue mwenyewe. Kilichovunjika ni nyonga, mikono anayo.

Akiukuta msumari ndani, mwambie, "Ndiyo, na yangu ina msumari." Analisubiri jibu hilo tangu Jumamosi.

Verna