Nailoni Chini ya Mfuniko

Baba Kibonge,

Kibonge yuko kwa jirani, mchukue. Maziwa yake yako kwenye chupa. Yapashe moto kidogo, usimchome ulimi.

Hiyo nailoni juu ya karatasi ndiyo ugonjwa wa pikipiki yako. Wiki nzima inazima kila ukienda mwendo kidogo. Unaitukana kabureta, unafungua mfuniko, unachungulia tangi, ikiwaka unajipiga kifua: "Nimeshaitengeneza!" Fundi wa kuchungulia! Nailoni uliifunga mwenyewe chini ya mfuniko wa tangi kuzuia mvua, ukaziba tundu la hewa. Chupa ya Kibonge ikikosa hewa, maziwa hayashuki. Petroli nayo ni hivyohivyo.

Leo mtihani wangu wa mwisho unaningoja, wewe unakimbilia fundi na kuniachia amri: "Mama Kibonge, usiguse, utaharibu." Basi nimegusa. Imesimama hapo mlangoni inakoroma taratibu kama paka aliyeshiba.

~~Nakusubiri unipeleke.~~ Sisubiri mtu, nimeondoka nayo.

Fundi akija mpe chai, asije akarudi mikono mitupu. Mwonyeshe na nailoni. Akiuliza ni mjinga gani aliyeifunga, mjibu wewe. Mimi niko kwenye mtihani.

Mama Kibonge