Mlinzi wa Maji

Kwako dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Bwana asifiwe, na tafadhali jibu amina kwa sauti huko uliko, maana Baba ataniuliza kama ulijibu. Shemeji hajambo? Watoto je, na yule wa mwisho ameacha kuuma watu? Sisi huku tu wazima, ikiwa mtu anayeshinda akiponda kokoto anaweza kuitwa mzima. Vumbi la machimbo limewazeesha wote. Mimi peke yangu ndiye ninayezidi kupendeza, lakini hilo ulikuwa unalijua.

Nakuandikia Jumamosi mchana, nimekaa kanisani kwenye benchi, lile lenye msumari. Barua atakuletea dereva wa lori la kokoto, anaondoka kesho baada ya ibada. Usiucheke mwandiko. Shule niliiacha kabla haijanimaliza, na leo karatasi mbili nimezichana tayari. Sababu utaiona huko mbele.

Kanisa ni lile lile na mabati ni yale yale. Mvua ikinyesha waumini wanahama upande huu kwenda ule kama kuku. Wanunuzi wa kokoto wamepotea, na wengi wanakuja ibadani na tumbo tupu. Baba anahubiri Jumapili, Jumatatu anashika nyundo pamoja na kondoo wake. Msimamizi wa machimbo alimwuliza juzi ni mchungaji gani huyu mwenye malengelenge viganjani. Baba akamjibu kwamba bosi wake naye alikuwa seremala. Msimamizi aliondoka akijikuna kichwa.

Sasa shikilia kiti. Shangazi ameokoka. Ndiyo, huyu huyu dada yake Baba, aliyemwambia mbele ya watu kwamba akimtaka kanisani amfunge kamba amburute. Tangu mumewe aangukiwe na jiwe kule machimboni hakutaka kusikia habari za Mungu. Baba amemwombea miaka yote, na unajua anavyoomba, mpaka jirani anagonga ukuta. Wiki iliyopita Shangazi alikuja mwenyewe, nyundo begani, akasema amechoka kugombana na mtu asiyemjibu, kwa hiyo abatizwe yaishe. Baba alilia. Mimi niliingiwa na vumbi machoni.

Unakumbuka ubatizo wetu ni wa kuzamishwa mzima mzima. Maji ya bomba huku ni ya kununua kwa dumu, hivyo tunabatizia kwenye lile shimo la zamani la machimbo mvua zikilijaza. Baba husimama juu ya ngazi ya jiwe iliyo ndani ya maji, maji yakimfika kiunoni. Ukiipita ngazi hiyo, mguu hauna pa kukanyaga. Baba akiingia huimba kwa sauti inayotetemeka hadi watu wanatokwa machozi, wanasema Roho amemshukia. Na nyuma yake husimama ndugu yako, shati nimevua, kifua mbele. Mimi ndiye Mlinzi wa Maji. Atakayeteleza nimdake. Wasichana wa kwaya hunitazama, na usiniambie hawanitazami.

Shida ni kwamba wiki hii wamelipua baruti shimo la pili, lililo jirani na hilo letu. Jana nilikwenda kupima kwa mti mrefu, nikakuta ngazi imevunjika, kimebaki kipande cha kusimama watu wawili wakibanana. Na Shangazi si mtu wa kubanana naye. Nilimwomba Baba tuahirishe. Akasema Jumatatu inaletwa pampu, maji yote yatanyonywa. Nikapendekeza karai na kikombe. Shangazi akanisikia, akasema yeye hakumnunia Mungu miaka yote hiyo ili mwishowe aoshwe uso kama mtoto anayepelekwa shule. Ama shimoni, ama anarudi kwake. Na Shangazi akirudi kwake, dada, safari hii harudi tena. Akiingia shimoni nako, huenda asitoke. Nikifumba macho naona kitambaa chake cha kichwa kinaelea peke yake.

Basi nikwambie linalonikaba. Mwaka jana nilipotoka kwako niliwaambia watu huku kwamba lile bwawa la jirani yenu nililiogelea kwenda na kurudi. Wewe ulikuwepo. Uliona nilivyoyang'ang'ania majani ya ukingoni mpaka yakang'oka, mwanao akaja kunivuta kwa suruali. Cheo changu chote kimesimama juu ya uongo huo. Siwezi kuogelea, dada. Hata kwenye karai nitaita watu.

Leo asubuhi nilishindwa kuendelea kuubeba. Nilimkuta Baba anafagia hapa kanisani, nikamwambia yote. Nikangoja kofi. Aliweka ufagio chini, akakaa kando yangu. Kisha akasema kwamba yeye pia hajui kuogelea. Hajawahi kujua. Kila ubatizo anaingia mle akipapasa jiwe kwa vidole vya miguu, na ile sauti inayowaliza watu ni woga mtupu. Mwaka huu angalau alikuwa akijipa moyo kwamba nyuma yake yupo mwanawe mwogeleaji. Nikamwuliza sasa tunafanyaje. Akasema tutaingia, ila tutaingia na kamba.

Kamba ni ile ya kuvutia mawe. Mwanzo wake kiunoni kwa Baba, katikati kiunoni kwangu, mwisho wake kwenye chuma kilichopigiliwa ukingoni. Mafundo nimeyafunga, nikayafungua, nikayafunga upya. Chuma kina kutu. Hilo sijamwambia Baba.

Nisalimie shemeji na watoto, hasa huyo muuma watu. Mwombee Shangazi, mwombee Baba, na ukibakiwa na pumzi uniombee nami. Chini ya jina langu nimeacha nafasi, kesho nitaijaza kabla lori halijaondoka. Ukikuta mwandiko si wangu, kaa kitako kwanza ndipo usome.

Ni mimi mdogo wako,
Mlinzi wa Maji, hadi kesho

Jumapili, baada ya ibada. Mwandiko ni wangu, karatasi imelowa kwa sababu nami nimelowa. Ngazi ilikatika Baba akiwa katikati ya maneno. Akazama, akanivuta nami nikazama, chuma kikang'oka. Shangazi alikuwa bado amekanyaga kipande cha jiwe kilichobaki upande wa ukingoni. Aliidaka kamba kwa mikono yake ile ya nyundo, akazama hadi utosini, akaibuka, akatuburuta baba na mwana mpaka ukingoni. Kwaya haikuacha kuimba, walidhani ndivyo ilivyopangwa. Baba alimalizia maneno pale pale huku akitapika maji, mkono juu ya kichwa cha dada yake. Tumetoka wote. Dereva anapiga honi. Shangazi amekaa hapa anakamua kitambaa chake, anamwuliza Baba kama leo amebatizwa au amebatiza.